Usimsome mtu kwa rangi ya kitenge

Ugonjwa wa kumsoma mtu kwa rangi na muziki anaoupenda niliugua mwenyewe. Nashona nguo Kirumba, hapa Mwanza, na kuna kipindi mteja alikuwa hajakaa vizuri kwenye benchi nimeshamaliza kumsoma. Kachagua nyekundu: mkorofi. Bluu: mpole. Anasikiliza rumba: ametulia. Singeli: hana subira huyo. Nilishafanya jaribio la rangi kwenye simu, likanipa majibu yaliyonikaa kama gauni nililojipima mwenyewe.

Nikatafuta msaidizi. Wakaja mabinti wawili, nikawauliza rangi na muziki wanaoupenda. Mmoja akajibu bluu na kwaya. Mwenzake akasema bluu hataki hata kuiona, yeye nyekundu na singeli. Sikujiuliza mara mbili, nikamchukua wa kwaya. Wiki ya tatu akamrushia mteja futi ya kupimia kwa sababu ya zipu.

Yule wa singeli nilimkuta baadaye kwa fundi mwenzangu, kainama juu ya suruali, anafumua mshono uliopinda, uzi baada ya uzi, kwa ncha ya wembe. Kitambaa hakikupata hata mkwaruzo. Singeli inamlia sikioni! Nikamuuliza ana ugomvi gani na bluu. Akacheka. "Mama, shule ya msingi yote nimevaa sketi za sare walizoziacha dada zangu. Viraka vilizidi sketi." Na nyekundu? Simba tu.

Majaribio haya si ya jana. Max Lüscher, Mswisi, alitoa lake la rangi mwaka 1947. Lakini aliyenifumbua macho ni Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1948 aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha kila mmoja akapokea majibu "yake". Wakayapa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, mengi yametolewa kwenye kitabu cha unajimu.

Kwa hiyo siku hizi rangi bado nauliza, ila siishii hapo. Uliza alianza lini kuipenda, na wimbo huo nyumbani kwao alikuwa anaupiga nani. Halafu nyamaza usikilize. Na kama unaajiri, mpe mkasi na kipande cha kitambaa, umtazame nusu saa.

Yule binti nimemwomba kwa fundi mwenzangu mara mbili. Amekataa.