Maswali ya wasomaji: kamba ya sentabodi imekatika, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Massachusetts huku Marekani, nimenunua boti ndogo ya tanga aina ya Day Sailer, ya zamani, futi 17 hivi. Ule ubao wa katikati unaoteremka majini, sentabodi, una kamba mbili, moja ya kuupandisha na nyingine ya kuushusha. Ya kupandisha imekatika nikiwa majini, na ya kushusha ni ngumu kuvuta mpaka mikono inauma. Jamaa mmoja kaniambia niweke Dyneema nene zote mbili (ile kamba ya sintetiki yenye nguvu sana), nizifunge kabisa, nisahau. Ni sawa? Na lazima nichomoe ubao wote?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usikimbilie dukani. Kamba kama hizi mara nyingi hazikatiki kwa kukosa nguvu, zinakatika kwa kusuguliwa, tena palepale inapotokea kwenye sanduku la ubao, yaani ile nafasi ndani ya boti ubao unamopandia, au inapopita kwenye kapi. Chukua hicho kipande ulichobaki nacho uangalie ncha: ikiwa imelika upande mmoja na nyuzi zimechambuka kama utambi wa zamani, kuna makali mahali. Ingiza kidole kwenye tundu upapase, ukikuta faibaglasi inakwaruza piga msasa mpaka kidole kiteleze.

Halafu zungusha roda ya kapi, lile gurudumu lake la ndani, kwa mkono. Boti ikitumika kwenye maji chumvi afu ikalala chini ya turubai majira yote ya baridi, chumvi na mchanga vinaganda pale kwenye pini, roda inagoma, kamba inajiburuza juu yake badala ya kuzunguka nayo, na hapo ndo mikono inauma na kamba inaisha. Osha kwa maji matamu ya kutosha, ikiendelea kugoma badilisha kapi, na tafadhali usipake grisi, grisi inakamata mchanga.

Dyneema kwa kamba ya kupandisha nakubali. Haivutiki, hainyonyi maji, na ukilinganisha kwa uzito inaishinda waya wa chuma mbali sana, kwa hiyo milimita 5 zinatosha, unene unautaka kwa ajili ya kiganja tu. Ila tafuta yenye ganda la poliesta, maana ile tupu inateleza kwenye kliti, kile kibanio cha kushikia kamba, na fundo lake linaweza kufunguka lenyewe. Ukitaka kuvuta kirahisi ongeza kapi moja linalotembea na kamba: nguvu inapungua karibu nusu, ila kamba unayovuta inakuwa mara mbili, ubao ukitaka sentimita 60 wewe unavuta mita 1.2, kwa hiyo pima nafasi kabla hujatoboa chochote.

Kamba ya kushusha, hapo simkubalii huyo jamaa hata kidogo. Ubao wa hiyo boti ni mwepesi, ndo maana unahitaji kuvutwa ukae chini, lakini siku ukigonga mwamba ni lazima upande wenyewe. Ukiufunga kwa kamba isiyovutika kwenye kliti isiyoachia, kitakachopasuka ni ubao au sanduku, na sanduku likipasuka maji yanaingia ndani ya boti. Weka poliesta ya kawaida na kliti ya kujiachia, zipo, zinauzwa kwa ajili ya usukani wa boti ndogo, au malizia na kipande cha kamba ya mpira. Hii ndo sehemu nisiyotaka ubanie hela.

Kuchomoa ubao si lazima uanze nako. Toa mlingoti, mkusanyike watu wanne, mlaze boti ubavu juu ya magodoro ya zamani, vuteni ubao nje, mara nyingi tundu la kamba linafikika bila kugusa pini ambayo ubao unazungukia. Ile ambayo haijakatika ishone na mpya ncha kwa ncha, uivute taratibu ipite njia ileile. Mwisho wa kila moja piga fundo nene isije ikatumbukia kwenye sanduku, na nunua rangi mbili tofauti, kwenye upepo mkali huna muda wa kubahatisha.

SWALI: Mimi niko Kilifi, naweza kutumia kamba ya nailoni ya wavuvi kwa kazi hiyohiyo?

JIBU: Kwa nanga ni nzuri sana, kwa ubao hapana. Nailoni inavutika, ikilowa ndo zaidi, utadhani umeushusha ubao mpaka mwisho kumbe umeishia njiani na boti inaenda mrama. Uliza poliesta ya kusuka, milimita 6.