Pazia jeusi la jukwaa: satini au kaniki?

Dada, kwa pazia jeusi la nyuma ya jukwaa la mchezo wa shule, hiyo satini uliyoulizia iache. Taa zikiipiga inang'aa, na kila mkunjo unaonekana hadi viti vya mwisho. Mahameli ndiyo bora kwa kumeza mwanga, ila ni ghali na nzito. Mimi ningechukua kaniki nzito. Ukiwa dukani, mwombe muuzaji akiinue kitambaa, nawe ukimulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma: ukiona duara la mwanga, ni chepesi mno.

Usinunue upana wa jukwaa tu. Jukwaa la mita 6 linataka vipande vilivyounganishwa kufikia mita 9 au hata 12, ndipo pazia likae na mikunjo mizuri. Fua kaniki kabla ya kukata, maana pamba hunywea.

Cherehani yako ya nyumbani inatosha kabisa: sindano namba 90 au 100, mshono wa milimita 3. Maungio yasimame wima, yafichwe na mikunjo. Chini acha pindo la sentimita 10, wazi pembeni, upitishe mnyororo mwembamba wa kulivuta pazia linyooke. Na tafadhali sana, likae mbali na mishumaa na taa zinazochemka.