Mashua tofauti, resi moja: handikapu inapigwaje hesabu?

SWALI: Sisi ni kikundi kidogo cha Moshi, na mwisho wa wiki tunashindana kwa mashua za matanga kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu. Tuna Laser mbili, Topper moja na mashua moja ya mbao iliyotengenezwa na fundi wa huku. Kila mara Laser ndizo zinazofika kwanza, na wenzetu wameanza kukata tamaa. Tumesikia kuna handikapu za kusawazisha muda. Zinafanyaje kazi, na ile ya mbao tuipe namba gani?

JIBU: Kuna jambo moja ambalo lisipoeleweka tangu mwanzo huleta ugomvi. Mcheza gofu wa Moshi Club au Arusha Gymkhana ana handikapu yake mwenyewe, inayopima uwezo wake yeye. Namba ya mashua haimjui nahodha. Inaeleza kasi ya mashua ya aina hiyo ikiwa nzima, ina tanga zuri, na usukani umeshikwa na mtu anayeuweza. Mwenye tanga lililolegea na mkono mchanga atashindwa hata kama namba yake ni sahihi kabisa. Msiibadilishe ili kumbeba mtu. Wanaojifunza wawekeeni zawadi yao pembeni.

Kwa mashua ndogo kama zenu, mfumo unaofaa ni wa Portsmouth, ambao namba zake hutolewa na RYA, chama cha mchezo huu Uingereza. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mashua inavyokuwa ya polepole. Laser iko karibu na 1100, Topper karibu na 1365. Namba hizi husogea kidogo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo chukueni orodha moja mpya na mbaki nayo msimu mzima. Jihadharini na orodha za Marekani: zimeandikwa kwa kipimo kingine, Laser huko ni kama 91, na ukizichanganya na za Uingereza hesabu yote inavurugika.

Kanuni ni fupi: muda halisi kwa sekunde, mara 1000, gawanya kwa namba ya mashua. Jibu ndilo muda uliorekebishwa, na mwenye mdogo kuliko wote ndiye mshindi. Tuseme Laser imemaliza kwa dakika 52 na sekunde 30. Hizo ni sekunde 3150. Mara 1000, gawanya kwa 1100, unapata 2864. Topper imekuja nyuma sana, saa 1, dakika 4 na sekunde 10, yaani sekunde 3850. Gawanya kwa 1365, unapata 2821. Topper imeshinda kwa sekunde 43, ingawa Laser ilishafika na kushusha tanga.

Hapo kwenye sekunde ndipo makosa mengi hutokea. Mtu anaandika 52.30 kwenye kompyuta, nayo inasoma dakika 52 na sehemu 30 za mia, wakati alimaanisha 52 na nusu. Hizo ni sekunde 12 zimepotea, na resi nyingi huamuliwa kwa pungufu ya hapo. Geuzeni kila kitu kuwa sekunde kwanza. Saa ianze kwa wote honi ya kuanzia inapolia. Aliyechelewa kwenye mstari muda wake umeshaanza kuhesabiwa.

Wasiojiweza kwa kasi hawana haja ya kuzunguka mizunguko yote huku wengine wakiwasubiri juani. Laser zikimaliza mizunguko 4, Topper inaweza kupigiwa honi ya mwisho ikiwa na 3. Chukua muda wake, zidisha kwa 4, gawanya kwa 3, halafu endelea na kanuni ileile. Topper iliyomaliza mizunguko 3 kwa sekunde 2888 itaandikiwa 3851. Sharti mizunguko iwe sawa kwa urefu, na mstari wa kumalizia uwe mahali ambapo kila mzunguko unapita.

Mashua ya mbao haimo kwenye orodha yoyote, hivyo namba yake mtaitafuta wenyewe. Mwanzoni ipeni namba ya mashua inayofanana nayo kwa urefu, uzito na ukubwa wa tanga, na iandikwe wazi kuwa ni ya majaribio. Kila baada ya resi, chukueni wastani wa muda uliorekebishwa wa mashua zenye namba zinazojulikana zilizoendeshwa vizuri siku hiyo. Tuseme ni 2850. Ya mbao imetumia sekunde 3990: mara 1000, gawanya kwa 2850, inakuja 1400. Rudieni kwenye resi nane hadi kumi, zenye upepo mdogo na mkubwa, muondoe siku ambayo kamba ilikatika au mashua ilinasa kwenye nyavu za wavuvi, kisha chukueni wastani. Kurekebisha namba kila Jumapili ni kosa kubwa, maana nahodha mjanja atajifunza kwenda polepole siku isiyo na zawadi.

Msitarajie usawa wa kila siku. Upepo ukiwa mkali, Laser huinuka na kuteleza juu ya maji na kasi yake huruka ghafla, wakati mashua nzito ya mbao inabaki kuyapasua. Siku hiyo 1400 itaonekana ndogo. Siku ya upepo wa wastani itaonekana ya haki. Na upepo ukikatika baada ya Laser kumaliza, walio nyuma wataumia, na hakuna kanuni itakayowaokoa. Dawa ni kupanga resi fupi tatu za dakika 40 hivi badala ya moja ndefu.

Huenda mtasikia pia mfumo wa PHRF, unaotumika sana Amerika Kaskazini kwa mashua kubwa. Huo kwa kawaida hutoa sekunde kadhaa kwa kila maili ya baharini: tofauti ya sekunde 60 kwa maili kwenye njia ya maili 6 ni sekunde 360, upepo uwe mdogo au mkubwa. Mnatakiwa kuujua urefu wa njia kwa uhakika, na bwawa linalolishwa na Kikuletwa na Ruvu, ambalo maji yake hupanda na kushuka, litawalazimisha kusogeza maboya na kupima upya. Portsmouth haihitaji urefu wa njia hata kidogo. Handikapu za IRC na ORC ni za mashua kubwa zilizopimwa rasmi. Ya kwanza huficha kanuni yake ili wabunifu wasiizunguke, ya pili huiweka hadharani na kukadiria kasi kwa viwango mbalimbali vya upepo. Kwenu hazina kazi.

Ningewashauri resi moja kati ya hizo tatu iwe ya kufukuzana, ambapo namba hutumika mwanzoni na anayeongoza mwishoni ndiye mshindi, bila hesabu. Ya polepole kuliko zote huanza kwanza. Kwa resi ya dakika 60, muda wa kusubiri wa kila nyingine hupatikana hivi: gawanya namba yake kwa namba ya ile ya polepole, toa jibu hilo kwenye 1, halafu zidisha kinachobaki kwa dakika 60. Ikiwa ya mbao ni 1400, Topper itasubiri dakika 1 na sekunde 30, Laser dakika 12 na sekunde 51. Dakika ya 60 pigeni honi, na mwenye boti ya msimamizi aanzie kwa anayeongoza, arudi nyuma akiandika nafasi. Waambieni manahodha mapema kwamba baada ya honi wasisimame wala kugeuza mpaka wameandikwa, la sivyo mpangilio unaharibika kabla boti haijawafikia.