Maziwa hayasafishi moshi wa kuchomelea

Mafundi wengi hunywa maziwa baada ya kuchomelea vyuma, wakiamini yanasafisha moshi waliovuta. Hapana, maziwa hayasaidii. Moshi unaingia mapafuni, maziwa yanakwenda tumboni, havikutani popote. Ile homa ya usiku baada ya kuchomelea mabomba ya galvanaizi, yaani chuma kilichopakwa zinki, inaletwa na moshi wa hiyo zinki: baridi, kutetemeka, ladha ya chuma mdomoni. Huanza saa kadhaa baada ya kazi, kisha huisha ndani ya siku moja au mbili hata usipokunywa chochote, ndiyo maana mafundi wengi huyasifu maziwa.

Saga uondoe zinki kwanza pale utakapochomelea, ukiwa umevaa barakoa. Feni ikae ubavuni, si mgongoni, maana ya mgongoni huzungusha moshi mbele ya uso wako. Kitambaa hakichuji moshi huu, tafuta N95, barakoa inayochuja chembe ndogo, inayobana vizuri usoni. Na tusiuzoee: mwaka 2017 IARC, taasisi ya saratani ya WHO, iliuweka moshi wa kuchomelea kundi la 1, yaani unasababisha saratani.

Ila kifua kikibana au pumzi zikikatika, hiyo si homa ya kusubiri ipite. Nenda hospitali usiku huohuo, uwaambie ulichomelea nini.