Chemsha bongo ya Idd bila ugomvi

Swali: Idd hii tutakuwa watu kama 20 barazani, kuanzia watoto wa miaka 8 hadi mabibi. Mwaka jana chemsha bongo iligeuka ubishi, timu moja ikasusa. Safari hii tuandaeje? *(Msomaji, Ngamiani, Tanga)*

Jibu: Kagueni kwanza maswali yenyewe, maana ubishi mwingi huanzia hapo. "Tanzania ilipata uhuru lini?" Huyu ataandika 1961, yule 1964, na kila mmoja ana hoja: Tanganyika ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961, lakini jamhuri ya muungano ilizaliwa 26 Aprili 1964. Andikeni "Tanganyika" basi. "Ziwa kubwa Afrika" nalo ni balaa. Kwa eneo ni Victoria, kwa kina ni Tanganyika. Ulizeni "lenye kina kirefu zaidi".

Tarehe ya mtu kufika mwezini ndiyo inayowapiga chenga hata walimu. Chombo kilitua 20 Julai 1969, kwa saa zetu ikiwa imepita saa 5 usiku. Neil Armstrong alikanyaga udongo wa mwezi ilipokaribia saa 12 alfajiri, huku kwetu tayari tarehe 21. Ulizeni mwaka tu.

Gaweni timu 4 za watu 5, kila moja iwe na mtoto na mzee. Maswali 24 yanatosha: raundi 4, maswali 6 kila raundi, yaani 2 mepesi, 3 ya kati na 1 gumu. Magumu yakizidi, watoto wanakimbilia sinia la visheti na hawarudi tena.

Majibu yaandikwe, yasipigiwe kelele. Mwenye sauti kubwa huwafunika wengine. Swali lisomwe mara mbili, kisha nusu dakika. Raundi ikiisha timu zibadilishane karatasi na kusahihisha papo hapo. Mkingoja mpaka mwisho, kila mtu atadai "mimi nilimaanisha hivyo hivyo". Msomaji wa maswali asiwe na timu, na tahajia isimkoseshe mtu alama.

Ya nyumbani msiyasahau. Wadudu gani waliwavamia askari katika vita vya Tanga, Novemba 1914? Nyuki. Hilo mtoto anaweza kulipata kwa kubahatisha, na bibi kwa kusimuliwa. Mshairi gani alizaliwa Vibambani tarehe 1 Januari 1909? Shaaban Robert.

Swali: Mtoto akiuliza kwa nini Idd haina tarehe moja kila mwaka? *(Msomaji, Pangani)*

Jibu: Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, una siku 354 au 355. Kalenda ya kawaida ina 365 au 366. Kwa hiyo Idd huwahi kwa siku 10 hadi 12 kila mwaka.

Swali: Timu mbili zikifungana? *(Msomaji, Bagamoyo)*

Jibu: Wekeni akiba swali moja la namba ambayo hakuna anayeikariri, kwa mfano kina cha Ziwa Tanganyika kwa mita. Ni kama 1,470. Kila timu iandike kwa siri, aliye karibu zaidi ndiye mshindi. Kilimanjaro msiitumie: 5,895 inajulikana mpaka darasa la nne, mtabaki na sare ile ile.