Kabla hujaipamba terminali yako

Vijana mnaoanza kazi ya seva, wengi wenu jambo la kwanza ni kuipamba terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Siwakatazi. Dirisha lile utakaa nalo kutwa, basi na likupendeze. Ila kupendeza kuje mwisho. Kwanza lisomeke, na kusomeka kunategemea umekaa wapi.

Ndani ya ofisi za Mji Mkongwe, kuta nene na madirisha madogo, maandishi meupe juu ya weusi hayana tabu. Toka ukae barazani saa saba mchana: kioo kile kile kinageuka cha kujitazamia uso. Nje unataka maandishi meusi juu ya nyeupe, na mwangaza wa kioo juu kabisa. Kwa hiyo tengeneza profaili mbili, yaani mipangilio miwili ya kuhifadhi, ya ndani na ya nje. GNOME Terminal, Konsole na Windows Terminal zote zinakubali. Na wale wanaosema weusi unaokoa betri umeme ukikatika: laptopu nyingi zina kioo cha LCD, na taa ya nyuma yake inawaka vile vile hata ukiona giza. Betri utaiokoa kwa kupunguza mwangaza. Weusi unasaidia kwenye vioo vya OLED, ambavyo kila nukta inajiwashia taa yake.

Fonti haina maneno mengi. Iwe ya upana mmoja, la sivyo safu zote zitakwenda upande. Andika 0O 1lI, jisogeze nyuma kidogo, utazame. Ukisita kuzitofautisha, fonti hiyo iache. DejaVu Sans Mono mara nyingi imo tayari kwenye Linux. JetBrains Mono ni ya bure na mimi ndiyo ninayoipenda. Herufi zifanye kubwa bila ya kuona haya.

Rangi ndiko watu wanakopotea. Programu kwa kawaida haiombi buluu fulani. Inatuma namba tu: 31 ni nyekundu, 32 kijani, 34 buluu, na terminali yako ndiyo inayoamua buluu hiyo iweje. Ziko nane za kawaida na nane za kung'aa, jumla 16. Ndiyo maana ukiandika ls, amri ya kuorodhesha faili, majina ya folda kwa mwenzako yanasomeka na kwako yamezama: buluu ya asili ya terminali nyingi ni nzito mno juu ya weusi. Usitupe themu nzima, yaani seti yote ya rangi, kwa hilo. Fungua mpangilio wa rangi, ichukue buluu peke yake, iongeze weupe mpaka uisome, basi.

Themu za kupakua nazo zina mitego. Solarized, aliyoitoa Ethan Schoonover mwaka 2011, inatufaa sana sisi wa ndani na barazani kwa kuwa ina sura ya giza na ya mwanga. Lakini baadhi ya nafasi za rangi za kung'aa imezijaza vijivu vyake yenyewe. Programu ikiandika kwa nyeusi ya kung'aa, ambayo kwengine ni kijivu cha kawaida, kwenye sura ya giza maandishi yanakuwa na rangi ile ile iliyo nyuma yake. Mtu atahangaika na skripti yake mchana kutwa, na ujumbe anaoutafuta uko mbele ya macho yake.

Ukiwa na nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha ule mwanzo wa mstari unaosubiri amri. Umekaa Chake Chake, madirisha manne wazi, mawili yameingia seva za Unguja, moja ya majaribio na moja inayotumiwa na watu. Yote meusi, yote yanafanana. Hapo ndipo data za watu zinapofutwa. Kwenye .bashrc ya seva ya watu, faili la mipangilio ya bash, programu inayopokea amri zako, weka hivi:

PS1='\[\e[1;31m\][HAI] \u@\h:\w\$ \[\e[0m\]'

\u ni jina lako, \h ni la mashine, \w ni folda uliyomo. Ya majaribio ipe 32 na neno JARIBIO. Neno usiliache ukadhani rangi inatosha, kwani wako wanaume si haba wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wengine hawajijui. Zile \[ na \] nazo usiziruke: zinaiambia bash kwamba vilivyo kati yake havichukui nafasi kwenye mstari. Zikikosekana, amri ndefu inajikunja na kujiandika juu ya mwanzo wake.

Mapambo makubwa, yale ya tawi la git (programu ya kutunza matoleo ya kodi), saa na vialama vya rangirangi, mimi siyapendi, lakini hayo ni yangu. Jua tu kwamba yanafanya kazi upya kila ukibonyeza Enter, na kwenye mradi mzito utayasubiri. Vialama vyenyewe vinataka fonti maalumu, kama za Nerd Fonts. Bila ya hizo utaona vijisanduku vitupu.

Na ukiigusa .bashrc ya seva, dirisha ulilonalo usilifunge. Fungua jengine, ingia upya, hakikisha umeingia na rangi ni ile uliyoitaka. Hapo ndipo ulifunge la kwanza.