Tope lililoganda ndani ya mtambo wa bayogesi

Ndugu yangu wa Misungwi, nimekuelewa: tope la kinyesi cha ng'ombe limeganda ndani ya mtambo, gesi ya jikoni imepungua, na kijana wako wa zizini yuko tayari kushuka na ndoo, mradi kwanza mshushe koroboi kuona kama itazimika. Tafadhali msifanye hivyo. Methani, ndiyo gesi mnayopikia, ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka, na mwali wa koroboi unatosha kuiwasha.

Gesi ya pili ya hatari humo ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo ikizidi huifisha pua, hivyo mtu hudhani imekwisha kumbe ndiyo kwanza imeongezeka. Barakoa ya chujio haisaidii kitu pale ambapo oksijeni yenyewe imepungua.

Mimi ningekodi gari la kunyonya maji taka kutoka mjini, ghali kweli, likavuta tope kutoka juu. Mkilikoroga, gesi hufumuka ghafla. Simameni upande upepo unakotoka, wala mtu asiinamie mdomo wa shimo.

Ikibidi mtu aingie, hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipima gesi, feni ya kuingiza hewa safi, na mkanda wa mwili uliofungwa kwenye kamba ya kumvutia juu. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wana ofisi Mwanza, waulizeni kabla. Naye akizimia, asishuke wa pili kumfuata: mvuteni kwa kamba, na pigeni simu 114, Zimamoto.